Wasomaji Wanauliza: Viinitete Vinne Vilivyobaki Maabara

Barua tatu za mwezi huu zimetoka mkoa wa Tanga, na zote zinahusu watoto wanaotungwa maabara au wanaofikiriwa kutungwa huko. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika ana fomu mezani inayosubiri saini yake.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Makorora, Tanga. Baada ya miaka mingi ya ndoa bila mtoto, mimi na mume wangu tulifuata huduma ya upandikizaji mimba Dar es Salaam, na Mungu akatujalia binti ambaye sasa anatembea. Viinitete vilivyopatikana, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa maabara, vilikuwa sita: viwili vilipandikizwa, vinne vikagandishwa. Kila mwaka tunaletewa ankara ya kuvihifadhi, na safari hii imekuja na fomu ya kuchagua: tuendelee kulipia, viteketezwe, vitolewe kwa utafiti, au wapewe wanandoa wengine. Mume wangu anasema tumeshapata tulichokitafuta, tusiendelee kulipia barafu. Mimi kila nikimtazama binti yangu, mkono unakataa kuandika. Sisi ni Wakristo. Tuchague nini?*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikuondolee mzigo mmoja: sikulaumu kwa kutafuta mtoto. Najua maneno ambayo mwanamke asiyezaa hutupiwa katika miji yetu ya pwani, la kujaza choo likiwa miongoni mwa yaliyo mepesi, na najua ni nani hupanda basi pale Kange alfajiri kwenda kliniki huku mawifi wakimsengenya nyuma.

Sasa tutazame kilichomo ndani ya tangi lile la kugandishia. Yai na mbegu vinapokwisha kuungana, kinachopatikana si kipande cha mwili wako wala cha mwili wa mumeo. Kina urithi wake kamili, kromosomu 46, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, na tangu saa hiyo kinaongoza ukuaji wake chenyewe: seli mbili, kisha nne siku ya pili, nane hivi siku ya tatu, na kufikia siku ya tano seli zinakaribia mia moja au kuzidi, nazo zimekwisha kugawana kazi, za ndani zikielekea kuwa mtoto na za nje zikielekea kuwa kondo la nyuma. Binti yako alipitia hatua hizo hizo, katika maabara hiyo hiyo, pamoja na hao wanne. Aliyeamua viwili vipi vipandikizwe ni mtaalamu aliyetazama kwa hadubini akakadiria. Angekadiria vinginevyo, huenda anayetembea nyumbani kwenu leo angekuwa mwingine, na huyu wako angekuwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, katika mrija mwembamba wenye jina lako. Nadhani hicho ndicho kinachouzuia mkono wako, nami nakusihi uusikilize.

Wako watu wenye elimu na nia njema wasiokubaliana nami. Wanasema kiumbe kidogo kiasi hicho, kisicho na ubongo wala maumivu, ambacho pengine hata kisingejishika katika kizazi, hakiwezi kudai haki ya mtu. Hoja hiyo naiheshimu, lakini hainiridhishi, kwa sababu inapima haki ya kuishi kwa nguvu ambazo mtu amekwisha kuzipata, na kwa kipimo hicho mtoto mchanga yuko chini ya mtu mzima, na mgonjwa aliyepoteza fahamu yuko chini ya mwenye afya. Na kwamba wengi hupotea wenyewe mapema si ruhusa ya kuwapoteza sisi. Zamani watoto wengi wa pwani walikufa kabla ya kutimiza mwaka, na hakuna mama aliyehesabu uhai wao kuwa si kitu.

Kwa hiyo visanduku viwili vya fomu hiyo, cha kuteketeza na cha utafiti, usiviguse. Weka alama kwenye kuendelea kulipia, kisha anzeni kupanga jinsi ya kuwapokea. Mweleze daktari wako kwamba mnataka kupandikiza kimoja kimoja, si vinne kwa mpigo, maana mimba ya mapacha watatu au wanne ni hatari kwako na kwao, na mwombe akuambie upumzike muda gani baada ya uzazi uliopita, hasa kama ulijifungua kwa upasuaji. Hakuna haja ya kukimbizana na muda: mwaka 2022 walizaliwa mapacha Marekani kutokana na viinitete vilivyogandishwa mwaka 1992. Si vyote vinavyostahimili kuyeyushwa, wala si vyote vinavyojishika. Asiyefika atakuwa amepewa nafasi ile ile aliyopewa dada yake, na hapo mmetimiza wajibu wenu.

Kama daktari atasema mwili wako hauwezi tena, swali linakuwa gumu zaidi. Huko California, shirika la Nightlight Christian Adoptions lilianzisha mwaka 1997 mpango wa kuwapa viinitete vilivyobaki wanandoa walio tayari kuvibeba na kuvilea, na Waprotestanti wengi wanaotetea uhai wanaukubali. Mimi ni Mkatoliki. Kanisa langu, katika waraka Donum Vitae wa mwaka 1987, lilikataa njia yenyewe ya kutunga mimba maabara, ingawa waraka huohuo unasema kwamba mtoto aliyekuja kwa njia hiyo apokewe kama zawadi hai ya wema wa Mungu. Katika Dignitas Personae wa mwaka 2008 likasifu nia ya wanaotaka kuwapokea viinitete vya wengine, lakini likaona matatizo katika jambo lenyewe, na likakiri kwamba maelfu waliogandishwa wako katika hali ya udhalimu isiyo na ufumbuzi kamili. Kwa maoni yangu binafsi, kati ya kumwacha mtoto afe ndani ya tangi na kumpa mama mwingine wa kumbeba, la pili lina huruma zaidi. Ongea na mchungaji wenu kabla hamjafika huko.

Na mumeo, usimgombeze. Gharama ni kweli inauma, na wanaume wengi katika safari hii hulipa kila kitu na kuelezwa kidogo sana. Mwombe aende nawe kliniki, amwombe mtaalamu amwonyeshe picha za siku ya tano za binti yenu, kama zimehifadhiwa, pamoja na za wale wanne. Mazungumzo yenu ya kurudi nyumbani yatakuwa tofauti.

*Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tunaishi Pangani, ni Waislamu, na mirija yangu yote miwili imeziba. Tumeambiwa upandikizaji mimba ndiyo njia iliyobaki. Tuangalie nini kabla ya kuanza?*

Waalaykum salaam, dada yangu. Angalieni idadi, na muiangalie kabla ya sindano ya kwanza. Sindano za kukuza mayai huweza kutoa mayai kumi au zaidi kwa mzunguko mmoja, na desturi ya kliniki nyingi ni kuyarutubisha yote, kuchagua yaliyo bora na kugandisha mengine. Hapo ndipo alipokwamia dada yako wa Makorora. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 liliagiza yarutubishwe yale tu yanayohitajika kupandikizwa kila mara, ili pasibaki ziada, na likakataza kiinitete kuwekwa kwa mwanamke mwingine. Mwaka huohuo Ujerumani ilipitisha sheria inayomkataza daktari kurutubisha mayai mengi kuliko atakayoyapandikiza katika mzunguko mmoja, na kikomo cha kupandikiza ni vitatu. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba jambo hili haliwezekani.

Semeni hivi mbele ya daktari: yarutubishwe mayai mawili, na yaliyobaki yagandishwe yakiwa mayai tu. Yai ambalo halijarutubishwa si mtoto wa mtu, na hata likitupwa hakuna aliyedhulumiwa. Uwezekano wa kufanikiwa kwa mara moja utapungua na pengine mtarudia, jambo ambalo ni gharama ya kweli na sitaki kuifanya ndogo. Mkubaliane kwa maandishi. Kliniki ikikataa, tafuteni nyingine.

*Mama, shikamoo. Ninaandika kutoka Muheza. Mimi na mchumba wangu tumepima na sote tuna chembe moja ya urithi ya ugonjwa wa selimundu. Ndugu yangu aliye ng'ambo anasema huko wanapima viinitete na kutupa vyenye ugonjwa, au mimba ikipimwa na kuonekana mgonjwa inatolewa. Je, kwa ajili ya huruma, si bora hivyo?*

Marahaba, kijana wangu. Mmefanya vema kupima kabla ya ndoa, na wengi wangepima kama ninyi. Kwa kila mimba, uwezekano wa mtoto kuwa na ugonjwa ni mmoja kati ya minne, wa kubeba chembe tu kama ninyi ni miwili, na wa kutokuwa nayo kabisa ni mmoja.

Vipimo hivyo havimponyi mtu. Vinamtambua mgonjwa ili aondolewe, na huruma inayomwondoa mgonjwa badala ya ugonjwa siwezi kukushauri uifuate. Kuhusu kutoa mimba, Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama. Ugonjwa wa mtoto haukutajwa humo. Nilicho tayari kukisema wazi, ingawa ni kichungu, ni kwamba mna haki kamili ya kutooana, kwa sababu leo bado hakuna mtoto yeyote ambaye uamuzi huo utamgharimu.

Mkioana, mtoto apimwe mara anapozaliwa, msisubiri avimbe vidole. Akiwa nao, penisilini ya kila siku hadi atimize miaka mitano, chanjo zote, chandarua na dawa za kuzuia malaria, na dawa ya haidroksiyurea kwa maelekezo ya daktari, hupunguza sana maumivu na vifo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuanza kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa, kwa watoto wenye selimundu. Nendeni wawili kliniki ya selimundu mkakae na wazazi wanaowaleta watoto wao, muwaulize wanaishije, kabla hamjapanga siku ya harusi.