Maswali ya Wasomaji: Wapalestina wenye ulemavu na mshikamano wetu

SWALI: Sisi ni kikundi cha watu wenye ulemavu hapa Tanga. Tunaandaa kikao cha mshikamano na Wapalestina, ila wenzetu wengine wanasema vita si suala la ulemavu. Tuwajibu nini? Tuna pia viti vinne vya magurudumu vilivyotumika; tuvitume Gaza?

JIBU: Waulizeni wenzenu hivi: amri ya kuhama inamfikiaje kiziwi? Tangu Oktoba 2023 jeshi la Israel limekuwa likiwaamuru watu wa Gaza wahame kwa vikaratasi vinavyodondoshwa na ndege na kwa simu. Asiyeona hasomi kikaratasi, kiziwi hasikii simu. Umeme ukikatika, lifti haishuki na kiti cha mota hakichaji. Hata aliyewahi kutoka, magurudumu hukwama kwenye kifusi. Yeye akabebwa mgongoni, kiti kikaachwa hapohapo.

Na vita hiyohiyo inazidisha ulemavu. Septemba 2024 Shirika la Afya Duniani lilikadiria majeruhi wasiopungua 22,500 wenye majeraha ya kubadili maisha, na kati ya viungo 3,105 na 4,050 vilivyokatwa. Mtoto hukua, mguu bandia haukui: hubadilishiwa karibu kila mwaka, na mfupa ndani ya kigutu huweza kurefuka mpaka arudishwe kwenye upasuaji.

Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu kinadai tulindwe vitani. Tanzania iliuridhia 2009, Israel 2012, Palestina ikajiunga 2014. Iandikieni serikali mkikitaja kifungu hicho.

Kikaoni, ngazi mbili za sentimita 15 zinataka njia ya mteremko yenye urefu wa mita 3.6. Mkiweka ubao mfupi, kiti kinaweza kupinduka kinyumenyume. Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili, wapokezane kila dakika 20. Aliyechoka huruka maneno, na kiziwi hana njia ya kujua limerukwa lipi. Wapeni wakalimani hotuba siku mbili kabla, wapate kukubaliana alama za majina ya miji ya Gaza kama Khan Younis na Deir al-Balah. Picha za vigutu vya watoto msizibandike ukutani, tafadhali. Someni maneno ya Wapalestina wenye ulemavu wenyewe. Kaulimbiu yetu watu wenye ulemavu, "Hakuna lolote kutuhusu bila sisi", ni yao pia.

Viti msivitume. Kuingiza vifaa Gaza kunahitaji kibali cha Israel, na shehena ndogo isiyo na shirika nyuma yake haina wa kuifuatilia. Kiti cha hospitali kina magurudumu madogo mbele, nayo huzama mchangani, na mahema ya waliohamishwa huko al-Mawasi, pwani ya Gaza, yamesimama juu ya mchanga. Tena kiti kisicho na kipimo cha mkaaji wala mto wa kukalia unaofaa huleta vidonda vya mgandamizo, yaani vya kukaa muda mrefu bila kugeuka. Vitengenezeni vitumike hapo Tanga. Mchango wa fedha uende kwa shirika lenye mafundi wa viungo bandia ndani ya Gaza, na kabla ya kutuma ulizeni kama unalipia mto na spea au kiti kitupu.