Saa ya kukuu inasimama kila baada ya dakika tano, na ndege hatoki

Swali: Shikamoo fundi. Kaka yangu anaishi Stuttgart, juzi kaja likizo kaniletea saa ya kukuu, ile yenye kijumba cha mbao, ndege anayetoka mlangoni kulia saa ikifika, na cheni zinazoning'inia vyuma vizito. Nimeitundika sebuleni hapa Tanga, inatembea dakika tano hivi inasimama. Ndege naye hatoki, namsikia tu anagonga mlango kwa ndani na sauti kama ana mafua. Jirani anasema niipulizie WD-40, ile dawa ya kopo ya kulainisha vyuma. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba dada. Hiyo WD-40 mwambie jirani akapulizie bawaba za geti lake. Ndani ya saa inakauka na kuacha utando unaokamata vumbi, halafu ikigusa mivukuto ya karatasi (vile vifuko vinavyopuliza hewa ya sauti ya ndege) ndo umeua sauti kabisa. Kwa maelezo yako sioni kama saa ni mbovu, naona haijafunguliwa vizuri tu tangu itoke kwenye boksi.

Tuanze na ndege. Angalia kimlango chake kwa nje, kuna kiwaya kidogo kimepindwa kinazuia mlango usifunguke njiani, kigeuze pembeni kiachie. Kifanye hicho leo leo maana kila saa inapolia ndege anasukuma mlango uliofungwa, mwisho wake waya zinazomsukuma zinapinda. Mafua yake sasa: sauti ya kukuu inatoka kwenye mivukuto miwili midogo, kila mmoja juu ya filimbi yake, mmoja unatoa "ku" ya juu na wa pili "kuu" ya chini. Kiwandani huwa wanaibana kwa kipande cha karatasi, klipu au raba isichezecheze kwenye usafiri. Fungua kifuniko cha nyuma, chungulia kulia na kushoto, toa kila kitu kinachoonekana kimewekwa tu pale. Ukitoa na bado unasikia upande mmoja peke yake basi ama mvukuto umechanika au waya umechomoka, hapo mtafute fundi.

Kusimama ndo kwenye kazi. Hizi saa zinataka mlio ulio sawa, tik... tok... tik... tok, nafasi moja kati ya kila mlio. Ukisikia tiktok... tiktok... kama mtu anayechechemea, itasimama tu hata uiombee dua. Usihangaike na pima maji, wewe tumia masikio: anzisha pendulamu (ile fimbo inayobembea chini ya saa) kwa kidole, zima feni, shika sehemu ya chini ya kijumba usogeze kidogo kushoto, sikiliza, kisha kulia, sikiliza, mpaka milio ilingane. Ikilingana weka alama ndogo ya penseli ukutani maana siku ya kufuta vumbi utaisogeza tu. Hakikisha pia pendulamu haigusi ukuta, kuta zetu nyingi zina tumbo na hiyo peke yake inatosha kuisimamisha.

Kupandisha vyuma ili saa iendelee kutembea, vuta ule upande wa cheni usio na chuma, moja kwa moja kwenda chini taratibu, na usisaidie kwa kunyanyua chuma kwa mkono, cheni ikilegea inaruka meno ya gia. Kwa sababu hiyo hiyo usiilaze wala kuipindua ikiwa cheni hazijafungwa. Vyuma vikiwa vya kama gramu 300 ni saa ya siku moja, utavuta kila siku, vikiwa kilo moja na zaidi ni ya siku nane. Usiku ikikukera (kwa siku inalia mara 180 ukihesabu na nusu saa) nyingi zina kiswichi cha kumnyamazisha pembeni au chini.

Kurekebisha muda sukuma mshale mrefu tu, kwenda mbele, na kila ukifika nusu saa au saa kamili subiri ndege amalize ndo uendelee. Ikikimbia, shusha lile jani la kwenye pendulamu milimita moja mbili, ikichelewa lipandishe, halafu iache siku nzima kabla ya kugusa tena, watu wengi wanaharibu kwa kutokuwa na subira.

Oili yenyewe haihitaji sasa hivi kama ni mpya. Miaka kadhaa ikipita fundi ataweka oili ya saa, tone dogo la ncha ya sindano pale ekseli za gia zinapoingia kwenye bati tu, kamwe sio kwenye meno, cheni wala mivukuto. Kwenu Tanga mimi ningehofia zaidi hewa ya bahari, ile chumvi inakula waya na cheni, kwa hiyo itoe karibu na dirisha, iwe mbali na mvuke wa jikoni.

Ukifanya yote hayo na bado inasimama nitumie video yenye sauti, sio picha. Nataka kuisikia inavyotembea kabla haijasimama.