Fyuzi ya 30 haijaponya redio yako

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Noah ya mwaka 2004, dereva wangu anabeba abiria kati ya Dodoma mjini na Kibaigwa. Miezi miwili iliyopita redio ilianza kusahau stesheni zote, saa ikawa inarudi 1:00, na taa za ndani zote zikagoma kuwaka. Fundi akakuta fyuzi iliyoandikwa DOME (ya taa za ndani) imekatika. Akaweka mpya ya ampea 10, jioni ya siku hiyo hiyo ikakatika tena. Akasema fyuzi za siku hizi ni dhaifu, akaweka ya 30. Tangu hapo kila kitu kinafanya kazi, ila gari likijaa abiria tunasikia harufu ya plastiki inayoungua. Sasa anasema redio imechoka, ninunue ya Android. Kabla sijatoa hela naomba ushauri wako. (Dereva aliwahi kufunga taa za LED za bluu chini ya viti, sijui kama inahusika.) – Mmiliki wa Noah, Ipagala, Dodoma

JIBU: Inahusika sana, dada, na hiyo sentensi uliyoificha kwenye mabano ndiyo ilipaswa kutangulia. Tutaifikia. Kwanza chomoa hiyo fyuzi ya 30 leo hii, usisubiri gari lirudi gereji. Gari litawaka na kutembea kama kawaida. Utakachokosa ni taa za ndani, saa na kumbukumbu ya redio, na abiria wa Kibaigwa wanaweza kuvumilia hayo.

Haraka yangu ina sababu. Njia ya fyuzi hiyo ina umeme saa zote, ufunguo uwepo usiwepo. Ndiyo maana redio inakumbuka stesheni usiku kucha na taa ya ndani inawaka ukifungua mlango gari likiwa limezimwa. Kwa hiyo ikiamua kuungua, si lazima iungue mkiwa barabarani na dereva macho. Inaweza kuungua saa nane usiku gari likiwa uani, mita mbili kutoka dirisha la watoto.

Sasa hili la "fyuzi dhaifu". Nalisikia kila mara, kutoka kwa madereva, kwa wauza vipuri, na kwa watu wanaojiita mafundi umeme huku mfukoni wana koleo na solitepu tu. Fyuzi iliyokatika mara mbili mahali pamoja haina udhaifu wowote. Imetengenezwa ikatike mkondo ukizidi, mkondo umezidi, imekatika. Ni kama mbwa anayebweka usiku, halafu mwenye nyumba anatoka na kumfunga mdomo ili alale vizuri. Huyo fundi wako amemfunga mbwa mdomo, akakutoza na hela.

Mzizi wa kosa ni kuamini kwamba fyuzi ya kwenye boksi inalinda redio. Redio ina fyuzi yake mgongoni, mara nyingi ya 10 au 15. Fyuzi ya kwenye boksi inalinda waya: ule unaotoka kwenye boksi, ukapita nyuma ya dashibodi, ukapanda na nguzo ya mlango hadi darini. Mtengenezaji alichagua unene wa waya, kisha akachagua fyuzi itakayokatika kabla waya haujapata joto la kuyeyusha ganda lake. Ukiweka 30 mahali pa 10 umegeuza zamu. Sasa waya ndio utatangulia kukatika, nao hukatika kwa kuungua, ukiwa umelala kwenye kapeti na sponji. Halafu joto kwenye waya haliongezeki sawasawa na mkondo. Mkondo ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa. Mtu anayesema "nimeongeza kidogo tu" hajui alichoongeza.

Tupige hesabu ya gari lako. Balbu moja ya darini ni wati 8 au 10, yaani chini ya ampea 1. Tuseme zipo tatu na milango yote iko wazi, hazifiki ampea 3. Kumbukumbu ya redio na saa ni miliampea, hata kuzitaja ni kujaza maneno. Hapo fyuzi ya 10 ina nafasi tele. Ikikatika, kuna kitu kingine kinakunywa umeme ambacho hakimo kwenye hesabu hiyo, na kitu hicho bado kipo ndani ya gari. Harufu unayoisikia ni yake.

Redio niiondoe kwenye lawama haraka. Chomoa soketi zake za nyuma, weka fyuzi ya 10, gari lifanye kazi siku nzima. Ikikatika, redio haina kosa, na hiyo Android ungeinunua ikafungwa kwenye waya ule ule mbovu, tena yenyewe inakunywa zaidi. Kitu kimoja tu cha kuangalia huko nyuma: kama redio ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani, FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu ziko 88 hadi 108. Maana yake kuna mtu hapa nchini alifunga kibadilisha masafa nyuma yake. Angalia alivyouunga waya wake. Mara nyingi ameuchuna mwingine katikati, akauzungushia, akapita na tepu.

Haya, taa za bluu. Ningeweka dau kwamba dereva alizichukulia umeme kwenye waya wa taa ya ndani, kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kuzifanya ziwake mlango ukifunguliwa. Waya unaokuja na taa hizo ni mwembamba kama uzi. Waya wa aina hiyo una ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa karibu omu 0.2 kwa kila mita, hivyo mita tatu ni omu 0.6. Ganda lake likichunika ukagusa bodi ya gari, gawanya volti 12 kwa 0.6: unapata ampea 20. Fyuzi ya 10 inaliona hilo na kukatika. Fyuzi ya 30 hailioni kabisa, kwake ampea 20 ni kazi ya kawaida, na waya ambao haupaswi kupitisha hata ampea 5 chini ya kapeti unageuka jiko.

Na kwa nini harufu inakuja gari likijaa? Viti vya Noah vinakwenda mbele na nyuma kwenye reli za chuma. Waya uliopitishwa ovyo chini ya kiti unabanwa na reli, na uzito wa watu unausukuma kwenye chuma. Abiria wakishuka unaachia. Mpaka sasa unagusa na kuachia, ndiyo salama yenu. Siku utakapogusa bila kuachia, sitaki kufikiria mtakuwa mnapita wapi. Sijaliona gari, naweza kukosea mahali penyewe, lakini viti ndipo ningeanzia kabla ya kufungua hata skrubu moja ya dashibodi.

Kuthibitisha hakuhitaji kuchoma paketi nzima ya fyuzi kwa kubahatisha. Fundi achukue balbu ya indiketa ya wati 21, aiunganishe waya mbili, achomeke ncha zake mahali pa fyuzi ya DOME. Milango yote ifungwe, kila kitu kizimwe. Balbu hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya karibu ampea 2, kwa hiyo hata kama kuna shoti kamili hakuna kitakachoungua. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Isipowaka, mtu akae kwenye kila kiti, ajitikise, akisogeze mbele na nyuma, huku fundi akiitazama. Itakapowaka ghafla umempata mwizi. Kama viti havisemi kitu, fundi achomoe kimoja kimoja: taa za bluu kwanza, kisha redio, kisha taa za darini, kisha taa za kioo kidogo kilicho kwenye kikinga jua kama zipo. Ile ambayo ukiichomoa balbu inazima, hapo hapo. Fundi atakayekwambia kifaa hiki ni cha kizamani, muulize yeye hutumia nini. Ukijibiwa "uzoefu", rudisha ufunguo mfukoni.

Usisahau ule mpira mweusi kati ya bodi na mlango wa nyuma, na ile ya milango ya mbele. Waya zilizo ndani yake hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na kwenye gari la abiria na mizigo hiyo ni kazi ya siku nzima. Joto letu hulikausha ganda, vumbi linaingia, waya zinachunika na kugusana. Kama gari limewahi kulala karibu na stoo ya mahindi au alizeti, angalia pia nyuma ya dashibodi: panya hula ganda la waya vizuri tu na kuacha shaba ikimetameta.

Ukishaupata ubovu, taa za bluu zitoke zote na waya zake. Dereva akizililia, zirudishwe kwa njia yake yenyewe, na fyuzi yake ya ampea 2 au 3 karibu kabisa na pale umeme unapochukuliwa, na waya usipite popote ambapo chuma kinatembea. Maungio yachomelewe kwa lehemu na kuvishwa mpira unaosinyaa kwa joto. Solitepu kwa Dodoma ni ahadi ya miezi michache. Gari likikaa juani gundi inalainika, tepu inateleza, na vumbi linakamata pale palipokuwa pamefunikwa. Kama ni waya wa ndani ya mpira wa mlango, kisiungwe kiungio pale panapokunjwa. Kiwekwe kipande kipya kirefu cha waya laini, maungio yakae nje ya mpira pande zote mbili.

Halafu, na hapa mafundi wengi huruka, ule waya wa asili wa gari ufunguliwe na kukaguliwa. Umefanya kazi miezi miwili chini ya fyuzi isiyouhusu. Kama ganda limelainika na kugandana na waya za jirani, kipande hicho kinakatwa na kubadilishwa, hakifungwi tepu kikarudishwa. Baada ya hapo ndipo fyuzi ya 10 inarudi mahali pake.

Kisa chako si cha peke yake. Fungua maboksi ya fyuzi ya magari yanayopaki stendi ya Nanenane au yale ya kazini kule Mtumba, utakutana na kila ujanja: waya wa shaba uliosokotwa, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, fyuzi mbili zilizounganishwa miguu. Kila mmoja wao aliondoka gereji akiwa na furaha kwamba redio inaimba. Na wenye taa ya ndani isiyozima wanauziwa betri mpya, wakati swichi ya mlango imejaa vumbi na kukwama. Balbu moja ya wati 10 ikibaki inawaka, siku mbili kasoro zinatosha kuimaliza betri ya kawaida ya gari dogo, na ukiifungia mpya nayo itakufa vile vile. Swichi hiyo hutoka kwa skrubu moja, ikasafishwa.

Onyo jingine kwa wanaopenda kujaribu wenyewe kwa testa. Soketi za njano na waya zake chini ya usukani na nyuma ya dashibodi kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Usizichome testa, usizipime kwa balbu. Mkondo mdogo sana unatosha kuufyatua mfuko usoni mwako. Kazi ikiwa karibu nazo, ondoa kwanza kichwa cha hasi cha betri kwa spana namba 10 na usubiri dakika kadhaa. Ila kumbuka baadhi ya redio za ramani kutoka Japani hujifunga na kudai namba ya siri umeme ukikatika, hivyo uliza kwanza kama namba hiyo ipo.

Kwa wengine wote mnaosoma hapa, hasa mnaotaka kununua gari lililokwisha tumika nchini: kabla ya kuwasha injini fungua boksi la fyuzi na ulinganishe rangi na namba zilizoandikwa kwenye mfuniko. Kahawia iliyoiva ni 7.5, nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, isiyo na rangi ni 25, kijani ni 30. Ukikuta kijani mahali palipoandikwa 10, muulize muuzaji aliyeiweka alikuwa anaficha nini, na ukae kimya mpaka ajibu.