Waandishi wapya wa tamthilia za siasa, acheni kugonga meza

Wapendwa, kila msimu skripti zinakuja na sini ileile: Rais anasimama, anagonga meza, "Nimeshaamua!", kata, matangazo. Serikali haiendeshwi hivyo, na mtazamaji analijua hilo kuwashinda nyinyi.

1. Chora kalenda kabla ya mazungumzo. Tazameni Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024, yaani mswada wa kodi. Juni 18, wabunge wa mrengo tawala walipotoka Ikulu, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% kwenye mkate ilikuwa imeondolewa. Juni 25 mswada ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106, na waandamanaji wakavamia Bunge siku hiyohiyo. Juni 26 Rais akatangaza kwamba hatautia saini.

2. Sini ya mkate ndiyo mnayoiharibu wote. Mnaandika mbunge shujaa na waziri fisadi, basi. Pangeni upya. Watu wanne chumbani, si kumi. Kurasa tatu, maana ukurasa ni kama dakika moja hewani. Kila mmoja awe na anachotaka, anachoogopa na jambo analolijua peke yake. Afisa wa Hazina si mtu mbaya: ana pengo la bajeti, na mkate ukitoka lazima kipatikane kingine cha kutozwa. Kiranja, yule anayehakikisha wabunge wa chama wanapiga kura pamoja, ameshika orodha ya kura. Mbunge anapewa mkate wake, anachekelea, kisha kiranja anamuuliza taratibu, "Mheshimiwa, na vifungu vilivyobaki tuko pamoja, sivyo?" Kipindi kinaanzia hapo. Ushindi wake umeshamfunga. Wiki ijayo atapiga kura ya ndiyo huku watu wa jimboni wakimpigia simu mfululizo. Msimpe hotuba. Mwacheni aitazame simu ikiita.

3. Someni utaratibu. Rais hachani karatasi mbele ya kamera. Kifungu cha 115 cha Katiba kinampa siku 14 atie saini au aurudishe mswada Bungeni na maoni yake. Bunge likitaka kuyapuuza linahitaji theluthi mbili. Mwaka ule maoni yalikuwa kwamba vifungu vyote vifutwe. Waraka mkavu namna hiyo una kishindo kuliko ngumi, mradi tumwone kwanza msaidizi anayeuandaa, ambaye juzi tu aliandika hotuba ya kuutetea mswada uleule.

4. Anayeeleza sheria amweleze mtu mwenye haraka.

5. Majina ya wanasiasa halisi yatoeni leo. Wakili wa stesheni hana utani.