Muhogo uliojivua batobato

SWALI: Asalaam alaikum, bibi shamba. Muhogo wangu mmoja uliota na batobato, majani yamejikunja, yana mabaka ya manjano. Nilitaka kuung'oa, mke wangu akanizuia. Sasa majani ya juu yanatoka mazima kabisa. Mmea hujitibu kweli? Na nikikata mbegu humo zitafaa?
— Mkulima, Konde, Pemba

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Mkeo kaona sawa. Muhogo hauna damu ya kubeba kinga kama sisi, lakini kila seli yake ina mkasi.

Virusi vya batobato huletwa na nzi weupe. Vikizaliana ndani ya jani, hutokea nyuzi ndefu za RNA, yaani ujumbe wa kirusi ulioandikwa kwa herufi za kikemikali. Nyuzi hizo huwa zimeshikana mbili mbili, na mmea huzishuku papo hapo. Kimeng'enya kiitwacho Daisa huzikatakata vipande vya herufi 21 hadi 24. Protini nyingine, Agonauti, hushika kipande kimoja ikazunguka nacho, mfano wa mtu aliyepewa kipande cha khanga azunguke Darajani duka kwa duka atafute doti yenye ua lile lile. Ikikuta uzi wa kirusi unaolingana, inaukata.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba vipande hivyo havikai jani moja. Hupenya vitundu vilivyo baina ya seli, hupanda na mkondo wa chakula hadi kwenye kilele, na jani changa huzaliwa limeshaonywa. Mtafiti Wingard, kule Marekani, aliyaona haya kwenye tumbaku mwaka 1928: majani ya chini yanaugua, ya juu mazima. Vipande vyenyewe vilikuja kugunduliwa 1999 na Hamilton na Baulcombe wa Uingereza.

Ama mbegu, usikate humo. Kirusi huweza kubaki kimejificha mtini, na virusi navyo vina protini zao za kuuzuia mkasi.

Kisha kuna michirizi ya kahawia, na huo ndio ugonjwa ninaouogopa. Mama yangu, Donge, alichagua mbegu kwa uzuri wa majani tu. Tulipokuja kuvuna, tukimenya kila muhogo una mabaka makavu ya kahawia ndani, chungu ikabaki tupu. Kwa hiyo mbegu chagua siku ya kung'oa. Mti ambao majani yake hayakuwahi kujikunja, ichane mihogo yake yote kwa kisu. Ikiwa myeupe hadi katikati, huo ndio wa kukata mbegu.