Mgeni asiyeona katika maonyesho ya mtandaoni

Swali: Makumbusho yetu madogo hapa Dodoma yameweka mtandaoni picha 60 za ala za muziki za Wagogo na za michoro ya miambani ya Kondoa. Mwalimu mmoja asiyeona alitupigia simu kutoka Chamwino akasema simu yake humsomea "picha, picha" na namba za mafaili tu. Tumeshauriwa turekodi sauti kwa kila picha. Je, huo ni ushauri mzuri?

Jibu: Ndugu muulizaji, rekodi zinaweza kusubiri. Mwalimu huyo tayari ana sauti, kwani TalkBack kwenye simu za Android, au NVDA, ambayo ni programu ya bure ya kompyuta za Windows, humsomea chochote kilichoandikwa kwenye ukurasa. Kilichokosekana kwenu ni maandishi. Tena, rekodi inayojianza yenyewe ukurasa unapofunguka hugongana na sauti ya kisoma skrini, yaani programu kama hizo, hata mgeni asisikie kitufe cha kuizima kiko wapi.

Kila picha iwekewe maelezo mbadala, yaani maandishi ya alt yanayokaa ndani ya msimbo wa ukurasa, yale maagizo ya kompyuta yanayoujenga. Chukua zeze. Ukiandika "zeze zuri la asili" umempa mgeni maoni yako, hujampa zeze. Afadhali: "Zeze la nyuzi mbili, kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mwembamba wenye urefu wa mkono, na upinde umeegemezwa kando." Kisha, chini ya picha, weka aya ndefu zaidi inayoeleza jinsi ngozi ilivyofungwa na mahali ambapo mpini umelainika kwa kushikwa, aya hiyo itamfaa hata anayeona, kwa kuwa picha ndogo ya simu haionyeshi hayo.

Wapo wanaodhani asiyeona hana haja ya kutajiwa rangi. Kwa michoro ya Kondoa, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, kuiacha rangi ni kuacha habari yenyewe, maana michoro myekundu kwa kawaida huhusishwa na wawindaji wa kale, na ile myeupe na wakulima waliokuja baadaye.

Kagueni pia lugha ya ukurasa. Templeti nyingi huja na alama lang="en" katika msimbo, inayosema ukurasa ni wa Kiingereza, na hapo kisoma skrini kinaweza kuyatamka maandishi yenu ya Kiswahili kwa Kiingereza, yasieleweke; andikeni lang="sw". Vichwa vya habari viwe vichwa halisi katika msimbo, si herufi zilizokolezwa tu, na kila kitufe kifikike kwa kibodi. Kwa wenye uoni hafifu, uwiano wa mwangaza kati ya herufi na usuli wake usipungue 4.5:1.

Mkishamaliza picha kumi za kwanza, mwombeni mwalimu huyo azipitie, nanyi mkae pembeni bila kumwelekeza, mkiandika kila mahali anapokwama. Mlipeni kwa kazi hiyo, kama mlivyomlipa aliyewatengenezea tovuti.