Ukuta wa mwamba ndani ya tangi la samaki

Ukishuka pwani ya Mtende, kusini mwa Unguja, maji yakiwa yametoka, utaiona ile miamba iliyoliwa chini na mawimbi, juu imetokeza kama upenu wa nyumba, na kila mahali vishimo na mianya. Nilipopata tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, nilitaka upande wake wa nyuma uwe vile. Picha ya karatasi inayobandikwa nyuma ya kioo sikuitaka, kwa sababu ukikaa pembeni kidogo tu unajua kuwa ni karatasi.

Wageni wakikaa barazani kwangu huuliza jiwe lile nimelitoa wapi. Si jiwe. Ni lile povu gumu jeupe linalokuja na friji na televisheni, ambalo wauza samaki hutumia maboksi yake kuwekea barafu. Mie naliita fomu. Nimelichonga kwa kisu, nikalipaka saruji.

Niliseme hili mapema: usiende pwani kubomoa tumbawe kwa ajili ya tangi. Tumbawe ni kiumbe hai, na yale makubwa ya duara hukua kwa milimita tu kwa mwaka. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali, matumbawe mengi ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa, na mahali pengine bado hayajarudi yalivyokuwa. Kisiwa cha Chumbe, hapa Unguja, kimelindwa tangu 1994, na anayetaka kujua mwamba mzima unafananaje aende akautazame kule. Halafu jiwe la kweli ni zito, likiteleza linapasua kioo. Fomu unaibeba kwa kidole.

Wepesi huo ndio ulioniponza mara ya kwanza. Nilibandika ukuta kwa matone matano ya silikoni, ile gundi ya kubandikia kioo, nikangoja siku mbili, nikajaza maji. Siku ya tisa, alfajiri, nikasikia kishindo. Ukuta umeng'oka umepanda juu, pampu imepinduka, na samaki wawili wamebanwa nyuma yake wamekufa. Hesabu yake ni nyepesi na ningeifanya mwanzo. Kipande cha sentimita 90 kwa 45, unene wa sentimita 5, kinachukua nafasi ya lita 20 hivi, na maji hukisukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo 20, usiku na mchana, bila kuchoka. Matone matano hayahimili hivyo. Siku hizi napaka silikoni kwa mistari minene mgongoni kote na kuzunguka kingo, nikiacha tu mianya ya maji nitakayoieleza mbele. Isitoshe, nakata ukuta uingie chini ya vile vipande vya kioo vinavyofunga tangi kwa juu, ili hata silikoni ikiachia, kioo kiuzuie.

Kwa sababu ya vipande hivyo hivyo, ukuta mzima haupiti mdomoni mwa tangi. Ufanye vipande vitatu, na mahali pa kuungana pachongwe kwa kupindapinda kama ufa wa kweli, si mstari ulionyooka. Kata kila kipande kipungue kama sentimita moja kila upande, maana saruji itaongeza unene. Mie nilipima kabla ya saruji, na baadaye nikatumia siku nzima kukwangua kingo.

Kuchonga ndiyo raha yenyewe. Usichonge kwa kubuni. Nenda kautazame mwamba, piga picha, rudi nayo. Utaona kuwa mashimo yake hayajapangwa, makubwa yamekaa pamoja na madogo yametawanyika, na kivuli kiko chini ya upenu. Mimi namega fomu kwa mkono badala ya kuikata, maana kisu huacha uso laini usiofanana na kitu chochote cha baharini. Usitumie rangi ya kupuliza wala tina juu ya fomu tupu. Vinaiyeyusha mbele ya macho yako. Na fanya kazi hii nje, kwenye turubai, uzoe kila punje. Punje hizo zikifika baharini, samaki huzimeza.

Saruji nilifundishwa na ami yangu, aliyekuwa fundi mwashi. Nilimwendea na kipande kilichobanduka maganda. Akakigeuza mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, ulikianika juani?" Nikamwambia, "Ndiyo, ami, kikakauka vizuri." Akatikisa kichwa. "Saruji haikauki ikawa ngumu. Inakunywa maji ikawa ngumu. Umeinyima."

Tangu hapo tabaka la kwanza nalifanya jepesi kama uji, liingie kwenye kila tundu. Kesho yake la pili zito zaidi, keshokutwa la tatu. Kila tabaka linafunikwa gunia bichi na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni, kivulini. Rangi natumia ile ya unga ya kusakafia, nyekundu na nyeusi, ile ile iliyofanya sakafu za bibi zetu zing'ae. Nyeusi kidogo sana kwenye tabaka la pili, na nyekundu chembe tu kwenye la tatu, iliyopakwa kwa brashi kavukavu ishike vichwa vya mwamba na iache mashimo yakiwa na giza. Rangi hii ni madini, haichujuki ikishashikana na saruji.

Sasa, hapa ndipo watu wengi wanapoua samaki. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji, na pH, kile kipimo cha asidi na chokaa ya maji ambacho 7 ni katikati, inaweza kupanda hadi 11 au 12. Samaki hastahimili. Nalaza vipande kwenye pipa la maji, nabadilisha maji kila baada ya siku mbili, kwa wiki tatu au nne. Wapo wanaosema mwaga siki yatakwisha. Siki inasafisha uso tu. Chokaa iliyo ndani inaendelea kutoka polepole, kwa hiyo mie siitegemei. Kipimo changu ni hiki: jaza maji mapya ndani ya pipa lenye ukuta, na mengine ya bomba hilo hilo ndani ya ndoo tupu. Baada ya siku nzima pima yote mawili kwa karatasi za pH. Yakilingana, ukuta umeiva. Yakitofautiana, rudisha ukuta majini, hata kama umechoka kungoja.

Maji yetu ya Unguja yenyewe yana chokaa, kwa kuwa yanapita kwenye mawe ya matumbawe ya kale. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako. Kwa hiyo nimechagua samaki wanaoyapenda. Ninao wa Ziwa Tanganyika, ambako pH ni karibu 9. Gapi na moli nao wanafaa. Samaki wa maji laini, yaani yasiyo na chokaa, kama wale wa Amazon sikushauri, ukuta huu na maji haya hayatawafaa.

Silikoni isome kabla ya kununua. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Wapo wanaosema ikinuka siki ni salama, lakini harufu hiyo pekee haitoshi kukuhakikishia. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya akwariamu, au isiyo na dawa hiyo kabisa. Kioo kiwe kikavu na kisafi, na baada ya kubandika ungoje wiki nzima. Silikoni nene iliyofunikwa na ukuta hukauka taratibu kuliko mstari mwembamba.

Nyuma ya ukuta, amua moja kati ya mawili. Ama uzibe kingo zote maji yasipite, ama uyaache yapite kweli: mianya ya chini yenye wavu wa plastiki, na pampu kwenye kona ikiyavuta na kuyarudisha mbele. Mimi nafanya hili la pili. Nusu kwa nusu ni hatari, uchafu unakaa ukioza usikokuona na samaki mdogo anaingia asitoke. Kumbuka pia kuwa tangi la lita 182 limebaki na lita 160 hivi, kwa hiyo ukitia dawa, pima kwa maji yaliyomo na si kwa ukubwa wa kioo.

Wiki za mwanzo ukuta utaonekana mpya, wa kijivu kikali. Uache. Wangu ulianza kuota kijani baada ya mwezi wa pili, na jozi yangu ya Julidochromis, hao wa Ziwa Tanganyika, ikahamia kwenye mwanya nilioutoboa kwa mpini wa kijiko, chini ya upenu wa kushoto. Jana usiku nilimulika kwa tochi nikahesabu watoto kumi na mmoja, wamejipanga kichwa chini kwenye dari la pango lao.